Maneno ya Barazani: Bao na Kumbukumbu Zake katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Vitabu vinavyoeleza utamaduni wa taifa letu huupa mchezo wa bao kurasa chache, na katika kurasa hizo kinachoelezwa ni ubao: idadi ya mashimo, idadi ya kete, na jinsi ya kuanza. Maelezo hayo ni ya lazima. Hata hivyo yameliacha nje jambo ambalo mtu apitaye Mwananyamala, Magomeni, Tandika au Mtoni wakati wa alasiri hulisikia kabla hajauona ubao wenyewe, nalo ni maneno. Bao huchezwa na watu wawili na kusemwa na watu kumi. Wapo wanaohesabu kwa sauti, wapo wanaomcheka aliyekosea, wapo wanaokumbusha mchezo wa mwaka juzi, na yupo daima mzee mmoja asemaye kwamba hawa wanaocheza leo hawajui kitu, na kwamba wachezaji hasa walikwisha kufa.

Ni rahisi kuyachukua maneno hayo kuwa kelele za pembeni, mfano wa inzi kwenye sahani ya chakula. Mimi nashika rai nyingine. Mchezo huu haukuwekewa maandishi na wenyewe. Hakuna daftari la michezo iliyopita, wala orodha ya mabingwa wa mtaa fulani tangu mwaka fulani. Yote tunayoyajua juu ya namna wazee wetu walivyocheza yametufikia kwa njia ya mazungumzo ya watazamaji, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ni mzaha na mabishano. Kwa hiyo anayetaka kuiandika historia ya bao katika mji wa Dar es Salaam hana budi kuanza kwa kusikiliza kejeli.

Kwa faida ya mwanafunzi ambaye hakulelewa karibu na ubao, yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa kifupi. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64. Kwa kawaida kete hizo ni komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu zitokazo katika mkomwe, mmea wenye miiba unaoota pwani. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji kuna shimo moja, aghalabu la mraba, liitwalo nyumba. Mchezo unapoanza, nyumba hutiwa kete 6, na mashimo mawili yaliyo kuume kwake hutiwa kete 2 kila moja. Kete 22 zilizobaki mchezaji huziweka mkononi. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo namu, kila mmoja kwa zamu yake hutia kete moja katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, kete hizo huliwa, kisha hupandwa moja moja katika safu ya mlaji kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la upande. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, mwendo unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia sehemu ya mtaji, ambapo kete huchotwa katika mashimo yenyewe. Anayemalizwa kete zote za safu yake ya mbele amefungwa, na watazamaji hutangaza kwa neno moja tu: hamna! Akifungwa kabla kete za mkononi hazijaisha, amefungwa mkononi, na aibu yake humfuata hadi sokoni.

Maelezo haya ni mafupi kuliko mchezo. Mwendo mmoja unaweza kuzunguka, kula, kuanza tena kichwani, kula tena, na kuugeuza ubao wote kabla haujalala. Mchezaji hodari hupanda kwa kasi ya mtu anayehesabu fedha zake mwenyewe. Anayemtazama kwa mara ya kwanza huona mkono unaopita juu ya mti na kusikia mlio wa komwe, basi. Hapo ndipo kazi ya kwanza ya watazamaji inapoonekana. Bao la barazani halina mwamuzi mwenye filimbi. Waamuzi ni wale waliosimama. Kete moja ikirukishwa, au shimo moja likipandwa mara mbili, sauti tatu hutoka kwa pamoja, na mchezaji hurudishwa alikotoka. Mtu anayeketi kucheza mbele ya baraza lililonyamaza anacheza bila ulinzi.

Kazi ya pili ni kufundisha. Watoto huanza na bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo yote na hakuna namu. Baada ya hapo hakuna darasa. Kijana husimama nyuma ya wakubwa miaka miwili au mitatu, na maneno kama kimbi, kutakata, kulala na safari huyasikia yakirushwa huku na huku kabla hajajua maana yake. Anafahamu kwamba mwendo fulani ni mbaya kwa sababu watu wamecheka. Ni njia kali ya kufundisha, na kwa kuwa sisi walimu tumezoea ubao wa chaki na maelezo ya hatua kwa hatua, tunaweza kuidharau; lakini imetoa mafundi kwa vizazi vingi bila kutumia hata karatasi moja.

Sasa tutazame mahali penyewe. Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 kwa amri ya Sultani Majid wa Zanzibar, kando ya kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu ya utawala wao. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo ilijaa, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ikajenga nyumba za safu huko Ilala, Magomeni na Temeke kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kando ya nyumba hizo za serikali wananchi wenyewe walijenga zao kwa miti na udongo, baadaye kwa matofali ya saruji, na hivyo Kinondoni na Temeke zikawa vitongoji vikubwa kuliko mji uliovizaa. Katika sensa ya mwaka 1967 mji mzima ulikuwa na watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo.

Nyumba ya Uswahilini ina umbo linalofahamika. Mlango uko katikati, ukumbi mrefu unapita ndani, vyumba vimepangwa kulia na kushoto, ua uko nyuma, na mbele, chini ya upenu, kuna baraza. Mwenye nyumba huishi pamoja na wapangaji wake, na wapangaji hao wametoka kila upande wa nchi. Ofisa mmoja wa Kiingereza, J. A. K. Leslie, alifanya uchunguzi wa vitongoji hivyo mwaka 1956, na kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1963 kinaonyesha jinsi watu wa makabila mengi walivyokwisha kuchanganyika chini ya paa moja. Kwa habari ya bao, mchanganyiko huo ulikuwa na matokeo yake. Msukuma alikuja na isolo kichwani mwake. Aliyetoka pande za Ziwa Nyasa alijua bawo, ambalo ni ndugu wa karibu sana wa bao letu. Waliotoka Rwanda walijua igisoro, na Waganda omweso. Michezo hiyo yote ina safu nne, na mgeni aliyeuona ubao wa Temeke alidhani yuko nyumbani. Akakaa, akacheza, akafungwa mkononi. Kwa maana namu na nyumba za bao la Kiswahili zina kanuni ambazo hakuzizoea. Kicheko kilichofuata kilikuwa somo lake la kwanza la mchezo, na mara nyingi somo lake la kwanza la Kiswahili cha mji.

Kicheko hicho kilikuwa na sheria. Makabila yetu mengi yana utani baina yao, na utani huo ulifuata watu mjini. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara iliyokuja pwani na pembe za ndovu. Kila mmoja ana haki ya kumsema mwenzake maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Barazani haki hiyo ilipanuliwa. Aliyeketi kwenye bao amekuwa mtani wa wote kwa muda wa mchezo, hata kama ni baba mwenye nyumba anayewadai kodi hao wanaomcheka. Mchezo ukiisha, heshima hurudi mahali pake. Kijana huamkia kwanza, ndipo anashambulia: “Shikamoo, babu. Leo naiomba nyumba yako.” Naye mzee hujibu, “Marahaba, mwanangu. Njoo uichukue, kama umekuja na miguu.”

Anayesikiliza kwa makini huona kwamba kila kejeli ina uchambuzi ndani yake. Mchezaji aliyeichota nyumba yake mapema na kuisambaza huulizwa, “Nyumba umeitoa, leo utalala wapi?” Swali hilo linachekesha kwa sababu kulala ni kupumzika usiku na pia ni mwisho wa mwendo; lakini ndani yake mna kanuni ya mkakati, kwamba nyumba ni akiba, na anayeitoa kabla ya wakati hana mahali salama pa kusimamisha kete zake. Aliyebaki na kete moja moja tu na hana la kula huambiwa, “Mtaji umekwisha, funga duka.” Neno mtaji ni lilelile la mfanyabiashara, na kwa kweli hali ya wote wawili ni moja. Anayefikiri sana huambiwa kwamba kahawa imepoa. Mzaha wa namna hii haumfundishi aliyefungwa peke yake. Unawafundisha wote waliosimama, na kwa kuwa unachekesha, haumtoki mtu.

Tena yapo masimulizi ya michezo iliyopita. Haya huja kati ya mchezo na mchezo, wakati komwe zinapangwa upya na muuza kahawa anapita na dele lake. Msimulizi hakumbuki mchezo wote, wala hajaribu. Anakumbuka kilele chake: ubao ulikuwa umefika wapi, nani alikuwa na kete ngapi nyumbani, na ni mwendo gani uliougeuza mchezo wakati kila mtu alidhani umekwisha. Aghalabu huuchukua ubao uliopo, akaupanga mbele ya macho ya watu kama ulivyokuwa siku ile, na kuwaomba walio tayari kubisha watafute mwendo wenyewe. Wanaupata au hawaupati. Mzee mwingine aliyekuwapo siku hiyo husema kwamba ubao haukuwa hivyo, kwamba kimbi ya kushoto ilikuwa na kete tatu na si mbili. Na tofauti ya kete hiyo moja huzua mabishano ya nusu saa, kwa sababu kwa kete tatu mwendo ule usingewezekana kabisa. Mimi sijui namna bora ya kuhakiki ushahidi wa kale. Mwanahistoria anayelinganisha nyaraka mbili zinazopingana hafanyi zaidi ya hapo.

Ili tuone uzito wa jambo hili, na tulinganishe bao na sataranji. Neno hilo limo katika kamusi za Kiswahili, maana watu wa pwani waliufahamu mchezo huo kwa njia ya Waarabu na Wahindi. Sataranji ilitoka India, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na mjini Baghdad bingwa aitwaye as-Suli, aliyeishi hadi karne ya 10, aliandika juu yake. Baadaye Wazungu wakapata njia ya kuandika kila mwendo kwa herufi na tarakimu. Matokeo yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1858 kijana wa Kimarekani, Paul Morphy, alicheza na watu wawili wakubwa katika jumba la opera mjini Paris, na mchezo ukaisha katika mwendo wake wa 17. Leo mwanafunzi wa Kinondoni akitaka anaweza kuupanga mchezo huo hatua kwa hatua na kustaajabu kama walivyostaajabu waliokuwapo. Vivyo hivyo michezo ya mwaka 1972, Bobby Fischer wa Marekani alipomshinda Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti mjini Reykjavik kwa pointi 12½ kwa 8½. Katika mchezo wa kwanza Fischer alikula kete ndogo ya pembeni kwa kete kubwa, ile kubwa ikanaswa, naye akafungwa. Na hadi leo wapenzi wa sataranji wanabishana na kutaniana juu ya mwendo huo. Wanaweza kubishana kwa sababu hakuna anayebishia kilichotokea. Wanabishia sababu zake.

Kwa bao, kilichotokea chenyewe ndicho kinachobishaniwa. Kila alasiri ya mwaka huo wa 1972 palichezwa bao Temeke, na bila shaka ilichezwa michezo yenye ufundi wa kustaajabisha. Hakuna hata mmoja tunaoweza kuupanga.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ndiyo maisha ya michezo ya watu wa kawaida. Jibu liko katika mpira wa miguu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, nayo ilijulikana kwa jina la Sunderland hadi mwaka 1971. Washabiki wa timu hizo ni watu walewale wa Kariakoo, Magomeni na Temeke waketio kwenye bao. Yanga ilishinda 5 kwa 0 mwaka 1968. Simba ikalipa kwa 6 kwa 0 mwaka 1977, na tena 5 kwa 0 mwaka 2012. Yanga ikajibu kwa 5 kwa 1 mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa jana atatajiwa tarakimu hizo maisha yake yote, atake asitake, kwa sababu magazeti na redio vilizishika. Na neno linalotumika kuzihesabu ni bao: mabao sita, bao la kusawazisha, bao la kichwa. Kwa maoni yangu hapo mchezo mkongwe umeukopesha mchezo mgeni jina, kisha ukaachwa bila kumbukumbu. Mtangazaji husema pia kwamba kocha amecheza kete yake ya mwisho, nao wasikilizaji wanamwelewa vizuri, hata wale ambao hawajawahi kushika komwe.

Kwa nini basi taifa lililojali sana utamaduni wake halikuuandika mchezo huu? Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kwamba wasomi walifundishwa dansi za Kizungu huku ngoma kama gombesugu na lelemama hawazijui. Ngoma ikapata kikundi cha taifa katika miaka hiyo ya 1960. Mwaka 1967 Baraza la Michezo la Taifa likaundwa kwa sheria. Bao lilisimama kati ya milango hiyo miwili: halikuwa sanaa ya jukwaani, wala halikufanana na michezo ya uwanjani yenye jezi na vikombe.

Palikuwa pia na sababu nzito zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba nguvu za wanaume wengi vijijini, na za baadhi ya wanawake mijini, zinapotea katika porojo, ngoma na ulevi, na kwamba nguvu hizo ni hazina kubwa ikiwa zitaelekezwa kwenye kazi. Bao halikutajwa katika orodha hiyo, lakini porojo imetajwa, na baraza la bao bila porojo halipo. Ni vigumu kulipinga Azimio katika hili. Mkulima anayecheza saa nne asubuhi wakati mkewe yuko shambani hana utetezi, na yafaa ikumbukwe kwamba baraza la bao mjini limekuwa la wanaume kwa kiasi kikubwa, huku wanawake wa nyumba ileile wakipika uani. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi. Katika kampeni iliyofuata, watu wa Dar es Salaam walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi walikamatwa, na wengi wakapelekwa vijijini. Haihitaji kufikiri sana kuona jinsi bao la mchana lilivyotazamwa wakati huo. Ubao ambao ungeweza kuwekwa katika jumba la makumbusho kama urithi, barazani ulikuwa ushahidi wa uzembe.

Ila viongozi wenyewe walikuwa wachezaji. Mwalimu Nyerere alijulikana kuwa mpenzi wa bao, na picha zinazomwonyesha akicheza nyumbani kwake Butiama zimesambaa nchini. Upande wa Zanzibar, historia imeandikwa kwa damu: tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party huko Kisiwandui, alipokuwa ameketi akicheza bao. Waliouasisi Muungano wetu, wote wawili, waliijua ladha ya kusema hamna. Sidhani kwamba waliidhani saa hiyo kuwa saa iliyopotea.

Kazi ya kuyaandika mawazo ya mabingwa ilikuja kufanywa na mgeni. Alexander de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliwafuata mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya mipaka ya akili ya mchezaji wa bao, ambayo ilichapishwa Leiden mwaka 1995. Alitaka kujua mchezaji anaona mbali kiasi gani katika mchezo ambao mwendo mmoja hubadili mashimo mengi kwa pamoja, na hata aliwapima mabingwa kwa kuwachezesha bila kuutazama ubao. Tunamshukuru. Lakini mtafiti huyo aliwatafuta mabingwa Unguja, na ni haki yake, kwa kuwa visiwani bingwa wa bao ana heshima ya mwanazuoni. Mafundi wa Tandika na Mwananyamala, waliocheza baada ya zamu ya bandarini au ya kiwandani, hawakupata mtu wa kuwauliza. Wengi wao sasa wamezikwa.

Na baraza lenyewe linapungua. Mwenye nyumba aliye kando ya barabara ameona kwamba upenu wake unaweza kuleta kodi, akauzungushia ukuta na kuugawa kuwa fremu za maduka; mahali palipokuwa na ubao sasa panauzwa vocha na mchele. Nyumba mpya zinazojengwa pembezoni, Mbagala na Bunju, zina ukuta na geti, na mbele yake hakuna pa kukaa. Vijana hukutana kijiweni chini ya mwembe, na ubao wao mara nyingi ni wa drafti, uliochorwa juu ya kipande cha mbao na kuchezwa kwa vizibo vya soda, vingine vimetazama juu na vingine chini. Wengine hucheza sataranji katika simu zao, na wana sababu ya kuipenda: Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa mabanda wa Katwe mjini Kampala, aliuchezea mchezo huo Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010, na maisha yake yakaandikwa kitabu na kutengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2016. Sina ugomvi na drafti wala sataranji. Nimesimama kwenye kijiwe cha drafti nikasikia maneno yaleyale ya barazani, kejeli zilezile zimehamia kwenye vizibo, isipokuwa zimepoteza nyumba, kwa kuwa drafti haina shimo la kulala.

Mbinu ya kuyaandika mabao si ngumu. Mashimo yapewe tarakimu 1 hadi 8 kwa safu ya mbele ya kila mchezaji kutoka kushoto kwake, na 9 hadi 16 kwa safu ya nyuma. Iandikwe shimo lililoanzwa na upande wa kupanda, na pale mchezaji anapochagua kulala nyumbani au kusafiri, iandikwe hivyo. Mwendo uliobaki hujieleza wenyewe, kwa sababu kanuni zinaulazimisha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuandika mchezo mzima katika ukurasa mmoja wa daftari. Akiandika pembeni na yale yaliyosemwa na watazamaji, atakuwa amefanya kazi ambayo haikufanywa Dar es Salaam wakati mafundi wa zamani walipokuwa hai.

Yule mzee asemaye kwamba wachezaji hasa walikwisha kufa, kwa hiyo, hawezi kukanushwa wala kuthibitishwa. Mabingwa wa sataranji wa leo huipitisha michezo ya Morphy katika mashine na kuonyesha alipokosea; lakini mwendo wa fundi wa Temeke wa miaka ya sitini haupo wa kupitishwa popote, umebaki katika kinywa cha mtu aliyeuona akiwa na miaka kumi na miwili. Vijana humjibu kwamba mzee anasifu wafu kwa kuwa wafu hawawezi kufungwa. Yeye huwajibu kwamba walio hai wanafungika bila hata kuwa na wafu. Ndipo komwe husukumwa kuelekea kwake, kete 6 zinatiwa nyumbani, 2 na 2 kuume, 22 mkononi, na mtu anamwachia nafasi kwenye jamvi.